Mungu Aliyefichika na Mungu Tunayemficha

Hotuba kwa wajumbe wa Tume za Haki na Amani za parokia, katika semina ya Kwaresima



Mada tuliyopewa ni fupi kwa maneno: je, Mungu yupo, na kama yupo, binadamu aweza kumjua? Huenda baadhi yenu mmeshangaa kuiona katika ratiba ya Tume hii. Mlitazamia kusikia habari za migogoro ya ardhi, mirathi ya wajane, au mahabusu wanaosahaulika rumande. Swali la kuwapo kwa Mungu, mtasema, ni la waseminari na walimu wao wa falsafa. Sisi twaona vingine. Katika nchi zetu za Maziwa Makuu, swali hili lilipoulizwa kwa uchungu mkubwa kabisa, walioliuliza walikuwa watu waliotoka hai chini ya maiti za ndugu zao. Nao wengi hawakuuliza kama Mungu yupo. Waliuliza: alikuwa wapi?

Ndiyo sababu tumekusudia kuizungumza mada hii mahali ilipoumiza kuliko pote katika kizazi chetu, yaani Rwanda, mwaka 1994.

Tuanze na lile lisilotusumbua sana. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, mwaka 1870, ulifundisha kwamba binadamu, kwa mwanga wa akili yake, aweza kumjua kwa hakika Mungu aliye chanzo na kikomo cha vitu vyote. Karne nyingi kabla yake Mtakatifu Thoma wa Akwino alikwisha kueleza njia tano za kuifikia hakika hiyo. Wazee wetu hawakumsoma Thoma, lakini hatujasikia habari za mzee aliyeitisha baraza la ukoo ili wajadili kama Mungu yupo. Walimtaja tu: Mulungu, Ruwa, Ruhanga, Katonda, Imana. Katika Rwanda na Burundi walimtaja hata katika majina ya watoto wao. Hakizimana maana yake ni kwamba Mungu ndiye aokoaye. Niyitegeka, kwamba Yeye ndiye atawalaye. Nsengiyumva, kwamba mzazi anamwomba yule asikiaye. Habyarimana, kwamba Mungu ndiye azaaye. Tukumbuke kwamba majina ya namna hii waliyabeba waliouawa, na waliyabeba pia waliowaua.

Hapa pana jambo dogo linalotuhusu sisi tusemao Kiswahili. Wamisionari Wakatoliki walioingia Rwanda, wakafungua kituo cha Save mwaka 1900, hawakupenda kulitumia jina la Imana katika katekisimu yao. Walihofu kwamba litawarudisha wakristo katika imani za zamani, wakachukua jina la Kiswahili, Mungu, wakawafundisha Wanyarwanda kusali kwa jina hilo. Ikapita miaka mingi kabla Imana hajarudishwa kanisani kwa jina lake. Hatusemi kwamba jambo hili ndilo lililoleta maangamizi. Lingekuwa neno la kipuuzi. Twasema tu kwamba Mnyarwanda alipobatizwa aliambiwa, kwa namna fulani, kwamba Mungu aliyelala nyumbani kwa babu yake hakuwa yule aliyehubiriwa kanisani.

Maana wahenga wa Rwanda walikuwa na usemi maarufu: Imana hushinda kwingine mchana kutwa, lakini jioni hurudi kulala Rwanda. Ni usemi wa watu walioipenda nchi yao ya milima elfu na kujiona wenyeji wa Mungu. Baada ya mwaka 1994 wapo Wanyarwanda walioutamka kwa sauti nyingine. Walisema kwamba mwaka ule aliondoka asubuhi kama kawaida yake, na usiku hakurudi.

Yaliyotokea mnayajua kwa sehemu. Jioni ya tarehe 6 Aprili 1994 ndege iliyowachukua Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, wakitoka katika mkutano hapa kwetu Dar es Salaam, ilitunguliwa ikikaribia Kigali. Usiku uleule vizuizi viliwekwa barabarani, na mauaji yaliyokuwa yameandaliwa yakaanza. Kwa muda wa siku kama mia moja waliuawa watu wapatao 800,000 kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa; serikali ya Rwanda husema walizidi milioni moja. Wengi mno walikuwa Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa kushiriki. Haya yalitendeka katika nchi ambayo zaidi ya nusu ya watu wake walikuwa Wakatoliki, na walio wengi katika waliobaki walikuwa wakristo wa madhehebu mengine. Mfalme Mutara wa Tatu Rudahigwa alikuwa ameiweka Rwanda chini ya Kristo Mfalme mwaka 1946.

Watu walikimbilia makanisani. Katika misukosuko ya miaka iliyotangulia, aliyefaulu kuingia kanisani mara nyingi alipona. Kwa hiyo wakaingia wakiwa na watoto, magodoro na sufuria. Safari hii kanisa liligeuka mtego. Huko Ntarama, Nyamata, Nyarubuye, Kibeho na kwingineko waliuawa kwa maelfu kati ya viti walivyozoea kusalia. Huko Nyange, tarehe 16 Aprili, kanisa lilibomolewa kwa tingatinga juu ya watu wapatao 1,500 waliokuwamo. Mahakama ya Kimataifa iliyoketi Arusha ilimtia hatiani paroko wa Nyange, Padre Athanase Seromba. Mwaka 2006 alihukumiwa kifungo cha miaka 15, na mwaka 2008 Mahakama ya Rufani ikakifanya kifungo cha maisha. Mchungaji wa Kiadventisti, Elizaphan Ntakirutimana, naye alihukumiwa huko Arusha mwaka 2003 kuhusiana na mauaji ya Mugonero. Wakati huohuo maaskofu wa bara letu walikuwa Roma katika Sinodi ya Afrika iliyofunguliwa tarehe 10 Aprili, wakitafakari Kanisa kama Familia ya Mungu. Askofu mmoja wa Nigeria aliwaonya wenzake kwamba kwa wengi wetu damu ya ukoo bado ni nzito kuliko maji ya ubatizo.

Basi, Mungu alikuwa wapi?

Tujihadhari kwanza na majibu ya haraka. Wapo wahubiri waliosema kwamba ilikuwa adhabu ya dhambi za Rwanda, kana kwamba watoto wachanga wa Ntarama walikuwa wamekwisha kutenda dhambi za taifa. Wapo waliosema kwamba ni mpango wa Mungu, nasi hatuna budi kuukubali. Wapo pia wanaomfundisha aliyeokoka kusema kwamba Mungu alimlinda. Manusura akisema hivyo mwenyewe, twamsikiliza kwa heshima, kwani anasimulia maisha yake. Sisi hatuna haki ya kumtilia maneno hayo kinywani, maana atakayetusikia, ambaye watoto wake wanne hawakulindwa, atauliza wao walikosa nini.

Kitabu cha Ayubu kinatupa onyo ambalo mara nyingi halihubiriwi. Rafiki zake Ayubu walimtetea Mungu kwa bidii kubwa tangu mwanzo hadi mwisho. Ayubu alilalamika, akataka kushtakiana na Mungu, akamwambia maneno ambayo leo yangemfanya mtu aitwe na paroko. Mwishoni Mungu aliwakasirikia wale mawakili wake, akasema kwamba Ayubu ndiye aliyenena yaliyo sawa. Kwa maneno mengine, Mungu hataki kutetewa kwa uongo. Mjumbe wa Haki na Amani anayekwenda kwa mama aliyefiwa akiwa na maelezo tayari mfukoni, heri angebaki nyumbani.

Sasa tuingie katika neno lenyewe la kufichika. Katika Maandiko twaliona kwa namna zaidi ya moja, na mkanganyiko mwingi watokana na kuzichanganya namna hizo.

Iko siri iliyo ya Mungu mwenyewe. Nabii Isaya humwita Mungu ajifichaye, naye hamlaumu. Musa aliomba kuuona utukufu, akaruhusiwa kuona mgongo tu, utukufu ulipokwisha kupita. Eliya alimtafuta katika upepo, tetemeko na moto, asimpate humo. Siri hii ni ya Muumba kwa kiumbe. Bahari haiingii kisimani. Mtu aliye mnyenyekevu haimsumbui. Hata mume na mke waliokaa pamoja miaka arobaini hawajajuana wakaisha, sembuse mtu na Mungu.

Lakini iko siri nyingine ambayo si ya Mungu, ni yetu. Isaya yuleyule, katika sura ya kwanza, asema kwamba watu wanapoinua mikono yao kuomba, Mungu huyageuza macho yake, kwa sababu mikono hiyo imejaa damu. Hapa Mungu hafichwi na ukuu wake. Kinachosimama kati yake na watu ni damu ya jirani. Nao Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, walipoandika juu ya ukanamungu wa nyakati hizi katika hati ya Kanisa katika Ulimwengu wa Sasa, walikubali jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Walisema kwamba waamini wenyewe wana sehemu yao katika kuzaliwa kwa ukanamungu: wanapozembea kuilea imani, wanapoyaeleza mafundisho vibaya, na wanapoishi kinyume cha imani hiyo, huuficha uso wa Mungu badala ya kuuonyesha. Hayo si maneno ya maadui wa Kanisa. Ni ya maaskofu wa dunia nzima.

Twaomba mtafakari ni jinsi gani uso huo ulifichwa Rwanda, kwa maana haukufichwa kwa siku mia moja. Zilikuwa kazi za miaka. Wakoloni wa Kibelgiji, katika miaka ya 1930, waliandika kabila la kila mtu katika kitambulisho, na mstari ule mmoja wa karatasi ndio uliosomwa kwenye vizuizi mwaka 1994. Shule za misheni kwa muda mrefu ziliwapendelea Watutsi wa jamaa za wakubwa. Kisha, upepo wa siasa ulipogeuka katika miaka ya 1950, viongozi wa Kanisa wakageuka nao. Katika Jamhuri zilizofuata, askofu na mkuu wa wilaya waliketi meza moja. Askofu Mkuu wa Kigali, Vincent Nsengiyumva, alikuwa kwa miaka mingi mjumbe wa Kamati Kuu ya chama pekee kilichotawala. Naye, pamoja na maaskofu wawili na mapadre waliokuwa nao, aliuawa na askari wa upande wa pili mwezi Juni 1994. Hata hilo halipaswi kunyamaziwa, kwa kuwa haki haina chama. Lakini tujiulize: mkulima aliyemwona askofu wake akishangiliwa katika mikutano ya chama, angemtofautishaje Mungu na serikali? Na serikali ile ilipomwambia kwamba jirani yake ni mende, ni sauti gani ingempinga kwa nguvu ileile?

Wapo watakaotujibu kwamba Kanisa halikutenda dhambi. Waliotenda ni wanakanisa. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili aliliweka hivyo mwaka 1996 alipowaandikia Wanyarwanda, akisisitiza kwamba wanakanisa waliotenda maovu wawe na ujasiri wa kuyajibia matendo yao. Maaskofu wa Rwanda, Novemba 2016, waliomba msamaha kwa niaba ya wakristo walioshiriki. Papa Fransisko, tarehe 20 Machi 2017, alimwomba Mungu msamaha kwa dhambi na kasoro za Kanisa na za watu wake, akakiri kwamba uso wa Kanisa uliharibiwa sura. Wataalamu wa teolojia wataendelea kupima uzito wa kila neno katika matamko hayo, na kazi hiyo ina maana yake. Aliyefungiwa kanisani Nyange hakuwa na nafasi ya kutofautisha.

Hapo lakini mtu mwenye akili hutuuliza: vema, binadamu walimficha Mungu, mbona Mungu alikubali kufichwa? Mwenye nguvu zote hawezi kulipasua pazia? Swali hili ni la haki, nasi hatuna jibu la kulimaliza. Twaweza kusema kwamba Mungu ameuheshimu uhuru wa binadamu. Ni kweli, lakini ni kweli iliyo baridi kwa mtu anayetazama kaburi. Tunachoweza kuonyesha ni kwamba imani yetu imelibeba swali hili katikati yake. Mwanawe Mungu, akiwa msalabani, alimlilia Baba kwa maneno ya zaburi, akiuliza mbona ameachwa. Wala hakupewa jibu saa ile. Zaburi nyingi ni za namna hiyo, za watu wanaouliza hata lini Bwana atauficha uso wake. Kwa hiyo manusura anayemgombeza Mungu hajatoka nje ya sala ya Kanisa. Wapo waliotoka wakaacha kusali kabisa. Wengine walisema wazi kwamba hawawezi kuingia tena katika nyumba waliyomwona humo baba yao akikatwa. Tusiwahesabu hao kuwa wamepotea. Huenda walichokikataa ni ile sanamu tuliyowachongea, na Mungu mwenyewe hawajamkataa.

Turudi kwenye swali la kumjua. Kiswahili chetu kinatusaidia kidogo. Twasema namjua fulani, na mara nyingi maana yake ni kwamba tumesikia habari zake, twaijua sura yake na ukoo wake. Lakini twasema pia: subiri, utamjua. Hapo twataka kusema kwamba utamjua kwa kuishi naye, hasa siku ya shida. Nabii Yeremia alitumia ujuzi wa namna hii ya pili. Alimkemea mfalme Yehoyakimu aliyejijengea jumba la fahari bila kuwalipa vibarua ujira wao, akamkumbusha baba yake, Yosia, aliyeamua kwa haki shauri la maskini na mhitaji. Kisha akaongeza, kwa jina la Bwana, kwamba huko ndiko kumjua Mungu. Hakusema kwamba haki ni tunda litokalo baadaye katika kumjua. Alisema ndiko kwenyewe. Kama Yeremia asema kweli, basi Tume ya Haki na Amani ina kazi ya kiteolojia kuliko tulivyodhani, na aliyedhulumu ujira wa kibarua amejifumba macho hata kama anashika katekisimu yote kwa moyo.

Na Mathayo, sura ya 25, ana jambo linalostahili kuangaliwa kwa makini. Siku ya hukumu walio kuume na walio kushoto wote wanashangaa. Wote wanauliza swali lilelile: ni lini tulikuona? Hata wenye haki hawakumwona! Walimlisha mtu mwenye njaa, basi. Mungu alikuwa amefichika kwa wote, kwa wema na kwa waovu, ila mahali pa maficho yake pametajwa: mwenye njaa, mgeni, aliye uchi, mgonjwa, mfungwa. Tutazame tena mfungwa. Haisemwi kwamba alikuwa hana hatia. Watu wa Ngara waliuonja ugumu huu. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakaingia Tanzania. Juu ya daraja walipita wakimbizi. Chini yake, katika maji ya Kagera, zilipita maiti. Na kati ya waliopita juu walikuwamo waliozitupa zile za chini. Kambi ya Benaco iliwapokea wote, mama mwenye mtoto mgongoni na kiongozi wa wauaji aliyekuja kusimamia ugawaji wa chakula. Kumlisha mwenye njaa bila kumpa muuaji mamlaka upya ni jambo ambalo hata mashirika makubwa ya misaada hayakulimudu. Upendo usiokuwa na uchunguzi wa haki ulikaribia kuwa chombo cha waovu.

Maiti ziliendelea na safari hadi Ziwa Viktoria. Katika vijiji vya wavuvi upande wa Uganda, kama Kasensero wilayani Rakai, wananchi walizitoa majini na kuzizika. Zaidi ya watu 10,000 wamelazwa katika makaburi ya Uganda kandokando ya ziwa. Wavuvi wale hawakujua majina ya waliowazika, wala makabila yao. Kuzika wafu ni tendo la huruma, na katika Kitabu cha Tobiti ni jambo la kuhatarisha maisha. Hatujui wangapi kati ya wavuvi hao wangeweza kuieleza imani yao mbele ya mtahini. Twajua walichofanya.

Wapo pia waliomwonyesha Mungu kwa gharama kubwa zaidi. Félicité Niyitegeka alikuwa Mhutu, mlei aliyejitoa kwa utume, akiongoza nyumba ya mafungo huko Gisenyi, mpakani na Kongo. Aliwaficha Watutsi na kuwavusha mpaka. Ndugu yake, ofisa wa jeshi, alimtaka aondoke ajiokoe. Alikataa kutengana na wale aliokuwa nao, naye akauawa pamoja nao tarehe 21 Aprili 1994. Katika Seminari Ndogo ya Buta, nchini Burundi, tarehe 30 Aprili 1997 waasi waliwaamuru vijana wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Hawakukubali. Waliuawa 40. Mwezi mmoja uliotangulia, Machi 1997, wanafunzi wa sekondari ya Nyange, palepale karibu na kanisa lililobomolewa, waliamriwa vilevile wakajibu kwamba wao ni Wanyarwanda, kadhaa waliuawa. Na tusisahau Waislamu wa Rwanda, waliokuwa wachache, ambao katika mitaa na vijiji vyao wengi walikataa kuua na wakawaficha waliowindwa. Baada ya vita wapo wakristo walioingia Uislamu kwa sababu hiyo. Tusikasirike kwa habari hiyo. Waliuona uso mahali fulani, wakaufuata.

Hapa kwetu nako tusijione salama. Kwa miaka mingi, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, wakongwe wanawake wamechinjwa kwa tuhuma za uchawi, mara nyingine kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyokaushwa na moshi wa samadi jikoni. Baadaye wakafuata ndugu zetu wenye ulemavu wa ngozi. Wakodishwao kwa kazi hiyo si wakanamungu. Ukiwauliza kama Mungu yupo, watakujibu bila kusita: yupo.

Tumalizie na habari ya nyumba zenyewe. Baada ya vita Rwanda ilibishana, serikali na Kanisa, nini kifanyike kwa makanisa yaliyokuwa machinjio. Upande mmoja ulisema yabaki yalivyo, yawe ushahidi. Upande wa pili ukasema nyumba ya sala isafishwe na irudie sala, la sivyo wauaji watakuwa wamemshinda Mungu. Hoja zote mbili zina uzito, na sisi hatuoni kwamba zinapingana kama walivyodhani waliobishana, kwa sababu sala inayohitaji ushahidi uondolewe ndiyo iwezekane haitadumu. Ikawa kila mahali na uamuzi wake. Kibeho watu husali tena kanisani, na sehemu yake imetengwa kwa kumbukumbu ya waliouawa. Nyange pamejengwa kanisa jipya. Ntarama na Nyamata ziliachwa ziwe mahali pa kumbukumbu, na mwaka 2023 UNESCO iliiingiza Nyamata katika orodha ya urithi wa dunia. Bati la paa la Nyamata limejaa matundu ya risasi na vipande vya mabomu, na mwanga huingia kwa matundu hayo. Juu ya viti zimewekwa nguo za waliouawa. Kitambaa cha altare kimebaki na madoa yake, na sanamu ya Bikira Maria iko ukutani.

Nje, kando ya kanisa, liko kaburi lililotangulia yote hayo. Ni la Antonia Locatelli, mlei Mwitalia aliyefanya kazi hapo miaka mingi. Machi 1992, mauaji ya Watutsi yalipoanza kujaribiwa katika wilaya ile ya Bugesera, na watu walipokimbilia parokiani, serikali ilisema ni hasira za wananchi tu. Yeye alizipigia simu redio za nje, akaeleza alichokiona: kwamba wauaji wameletwa, na wana viongozi. Siku hizohizo alipigwa risasi mlangoni pake. Watu waliokuwa wamekimbilia parokiani mwaka ule wengi walipona, wakarudi makwao. Miaka miwili baadaye, walipoona moshi tena, walijua mahali pa kukimbilia, wakaenda Nyamata.